Bei Chini ya Shuka

Kaltun binti Diriye alikuwa mwanamke wa kupigiwa mfano kwa mengi, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda kila kitu kiwe wazi. Hakuzaliwa na ugonjwa huo. Aliupata Dadaab, penye kambi za wakimbizi, katika shirika moja la misaada alikofanya kazi ya kuchora mabango. Huko kila jambo lilibandikwa ukutani, mgao wa unga, zamu za maji, hata jina la mtu anayekaa na ufunguo wa choo, na juu ya kila bango paliandikwa UWAZI kwa herufi ambazo ngamia angezisoma akiwa mbioni. Wafadhili walipofunga mikoba yao, shirika likamshukuru kwa cheti na soda, naye akarudi Garissa akafungua kibanda cha kuchapisha kadi za harusi karibu na Soko Mugdi.

Kulan ilizaliwa ndani ya kibanda hicho. Kulan kwa Kisomali ni kukutana, na mwanzoni walikuwa wakikutana kweli: wanawake wachache waliochoka kuajiriwa au waliokosa wa kuwaajiri, wakafungua kundi la WhatsApp ili watafutiane wateja. Maka, muuza maziwa ya ngamia, ndiye aliyefanywa mwenyekiti, kwa sababu sauti yake ilisikika hata simu ikiwa imezimwa. Kisha wakaja wa Bura, wakaja wa Dadaab wenye malori ya maji, wakaja wenye maduka kutoka Takaba, wanaume kwa wanawake, na kundi likawa makundi, na makundi yakawa vurugu. Mtu akitafuta gari la kwenda Takaba alikutana na tanzia, mawaidha ya sheikh, picha ya mtoto wa jirani aliyepita mtihani, na tangazo la dera zilizokwisha kuuzwa mwezi uliopita. Penye wengi pana mengi, lakini haya yalizidi.

Basi Kaltun akaamua kuijenga upya. Akamwita Najib, mtoto wa kaka yake, kijana aliyesomea kompyuta Nairobi na kurudi na mtindo wa nywele uliomfanya babu yake amwombee dua kila akimwona. Wakakaa kibandani wiki baada ya wiki, mmoja akichora, mwingine akiunda, mpaka Kulan ikawa na programu yake yenyewe, yenye chumba cha maziwa, chumba cha nguo, chumba cha usafiri na chumba cha mifugo. Ilipendeza, tuseme ukweli. Kila bidhaa ilikuwa na picha safi, jina la mwenyewe na bei yake kwa tarakimu nene. Kaltun alisimamia hasa hizo tarakimu. Alisema mteja ana haki ya kuona.

Siku ya uzinduzi watu walikunywa chai ya maziwa, wakala sambusa, wakasema mashallah. Baada ya hapo kimya.

Nawe unawajua watu wa huku. Hawakugombezi. Hawakuandikii barua ya malalamiko. Wanakusifu mbele ya wageni, wanakutakia baraka, kisha hawaonekani tena. Chumba cha maziwa kilibaki na picha mbili. Chumba cha mifugo, ambacho Kaltun alikitegemea kuliko vyote kwa kuwa mifugo ndiyo roho ya mji huu, kikabaki na tangazo moja tu, la mbuzi wa Qali wa Bura, nalo lilikuwa la siku ya kwanza. Kaltun akadhani mtandao ni mbovu. Akamtuma Najib aangalie mitambo, naye Najib akaangalia, akasema mitambo ni mizima.

Jibu lilikuja na Qali mwenyewe. Qali alikuwa mjane, mwenye mbuzi wake, asiyemwomba mtu. Alishuka kwenye gari la Bura asubuhi, akaingia kibandani, akakataa chai, na ukiona Msomali amekataa chai ujue mambo yameharibika.

"Abaayo, dada yangu," akasema, "wewe umenivua nguo sokoni."

Kaltun akaacha kukata kadi. "Mimi?"

"Wewe na hiyo Kulan yako. Uliandika bei ya mbuzi wangu, kila mtu akasoma. Wakauzwa, na kabla sijafika nyumbani, shemeji yangu Warsame keshakaa kwangu, ameegemea mto wangu, anasubiri. Anasema gari lake limeharibika. Kesho yake akaja binamu ana harusi. Halafu mzee mmoja, msikiti unataka mikeka. Zamani ningesema sikupata kitu, na nani angenipinga? Sasa nikisema sina, wanatoa simu wananionyesha."

"Ungewakatalia tu, Qali."

"Mume wangu amelala kaburini na hawa ndio ndugu zake. Nikiwakatalia, watoto wangu watakuwa wa nani?"

Kaltun aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Yeye si mgeni. Amezaliwa Bula Iftin, hapa hapa Garissa, baba yake ni dalali wa mifugo tangu ujana wake, na bado alikwenda akabandika mali ya mwanamke mwenzake hadharani kama mgao wa unga. Akamwomba Qali radhi. Qali akakubali radhi na, baada ya kufikiri, akakubali chai pia.

Siku hiyo Kaltun alizunguka soko zima akiuliza, na akaambiwa yale yale kwa midomo tofauti. Maka alimwambia maziwa yake yana bei nyingi: ya hoteli, ya jirani, na ya mama wa yatima ambayo ni bei ya kumlindia heshima tu ili asiitwe mwombaji. Ukiandika bei moja, yule wa hoteli ataitaka ya yatima. "Nimekuwa nikimwuzia yule mama kwa siri mpaka siri imekuwa sehemu ya sadaka," Maka akasema. "Wewe unataka niibandike."

Na ubaya haukuja peke yake. Kulikuwa na bwana mmoja wa kampuni fulani ya Nairobi, mwenye viatu visivyopenda vumbi, aliyekuwa akiinyemelea Kulan tangu zamani. Aliposikia imekwama, akapanda ndege ndogo akaja na maneno laini. Kampuni yake itaichukua Kulan yote bure, wanachama watahamia kwenye jukwaa lake kubwa, hakuna atakayelipa hata shilingi. Yeye alitaka kitu kidogo tu: takwimu. Nani anauza nini, kwa nani, kwa bei gani.

Kamati ya Kulan ikakaa. Wengi walikuwa wamechoka, na mtu aliyechoka hupenda cha bure. Maka akawasikiliza wote, kisha akatoa uamuzi kwa ile sauti yake. "Mnada wa mwisho kabla ya Idi ya kuchinja, Kaltun atuonyeshe mbuzi wakiuzwa ndani ya Kulan, na muuzaji arudi kwake bila kulia. Wakiuzwa, Kulan inabaki yetu. Wasipouzwa, tunampa huyu bwana funguo na tunamshukuru." Bwana wa Nairobi akatabasamu. Alikuwa ameshakitazama kile chumba cha mifugo na tangazo lake moja.

Kaltun alirudi nyumbani amevimba. Kulan ilikuwa kazi ya mikono yake. Aliijenga baada ya kuachishwa kazi, wakati watu walipokuwa wakimtazama kwa huruma, na ndiyo iliyomrudishia heshima. Kumpa mtu mwingine funguo zake, tena mtu anayetaka zile bei zilizomliza Qali, hilo hakuliweza. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Jumatano iliyofuata akajifunga jilbabu lake, akaenda kwenye soko la mifugo kumtafuta baba yake.

Mzee Diriye alikuwa kazini. Ndevu zake nyekundu kwa hina, kikoi kiunoni, shuka begani, amesimama katikati ya mbuzi ana kwa ana na dalali mwenzake aitwaye Guled. Walishikana mikono kama watu wanaosalimiana, lakini shuka ya Mzee Diriye ilikuwa imeifunika mikono hiyo, na hawakuiachanisha. Vidole vilikuwa vikisemezana humo ndani. Kubana kidole kimoja ni kiasi fulani, viwili ni kiasi kingine, ngumi ni kingine. Midomo yao ilikuwa ikizungumzia mvua. Watu kadhaa walikuwa wamesimama kando, wenye mbuzi na wanunuzi, na hakuna aliyejua kinachopita pale. Mwishowe Mzee Diriye akasema Bismillahi, shuka ikaondolewa, biashara ikawa imekwisha.

Kaltun alikuwa ameyaona hayo tangu akiwa mtoto, na hakuwahi kuyatazama. Akamvuta baba yake pembeni kwenye kibanda cha chai.

"Aabo, kwa nini mnaficha?"

Mzee akamshangaa. "Na wewe umesoma? Mnunuzi akijua jana niliuza kwa kiasi gani, leo atanipa zaidi? Na mwenye mbuzi akijulikana amepata, atalala? Wageni watamlalia mlangoni."

"Na mwanamke mwenye mbuzi? Yeye anaingizaje mkono chini ya shuka?"

"Astaghfirullah. Mwanamke atashikana mkono na mwanamume asiye wake? Wanawake wana sisi madalali. Wananipa mimi, nawauzia."

"Na mnapobanana huko chini, yeye anajuaje mlichokubaliana?"

"Ananiamini."

"Anaamini kwa sababu hana lingine, Aabo."

Mzee Diriye akaweka kikombe chini. Chai ilikuwa bado nusu. "Kwa hiyo umri wangu wote nimekula haramu?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema," akajibu, na akarudi kwa mbuzi wake bila kugeuka.

Iliuma. Dalali mwaminifu kama yule hakustahili, na Kaltun alijua. Lakini alijua pia kwamba neno limekwisha kutoka na lilikuwa kweli. Wanaume wa soko hili walikuwa na siri yao tangu enzi na enzi, siri inayowapa usingizi, na wanawake walitangaziwa bei zao kwa sauti, au waliambiwa baadaye na mtu mwingine. Naye Kaltun, badala ya kuwapa wanawake shuka, aliwavua hata kile kidogo walichojifunika. Akarudi kibandani mbio, akamkuta Najib anakula anjera.

"Osha mikono," akamwambia. "Tunaanza upya."

Walichokijenga safari hii kilikuwa rahisi mpaka kikamfanya Najib aone haya. Katika chumba cha mifugo zilibaki picha za mbuzi na majina ya wenyewe, bei zikaondoka zote. Ukimtaka mbuzi, unabonyeza picha ya shuka. Hapo unatokea mkono, kiganja wazi chenye vidole vyake. Unachagua vidole, unabana, na simu ya mwenzako inatetemeka kiganjani mwake, naye anaviona vidole vile vile. Hakuna tarakimu. Hata asiyejua kusoma anabana sawasawa na msomi. Walio nje wanaona shuka imefunika watu wawili, basi, hawaoni zaidi. Wawili hao wakibana vidole vile vile kwa pamoja, wamekubaliana, pesa wanatumiana wenyewe kwa simu kama kawaida, na vidole vinafutika pale pale.

"Vinafutika kabisa?" Kaltun akauliza.

"Tunaweza kuviweka mahali, eeddo. Sisi tu tuwe tunaviona. Yule bwana wa Nairobi anataka takwimu, na kamati ikiona hatuna takwimu..."

"Vifutike."

"Hata sisi tusijue?"

"Hata sisi. Mimi simjengei yule bwana, Najib. Namjengea Qali."

Najib akakuna zile nywele zake. Alitaka kubishana, lakini alimwona shangazi yake alivyokaa, mgongo umenyooka, akaona hilo la leo halibishaniki. Akavifuta. Na mimi nakwambia, hakuna kazi iliyomgharimu kijana yule kama kuandika ule mstari wa kufuta, maana wenye kompyuta hupenda kuweka akiba ya kila kitu.

Mnada wa mwisho kabla ya Idi ukafika. Soko lilifurika mpaka mbuzi wakawa wanapandana. Qali aliteremsha wake kutoka kwenye lori la Bura, mbuzi weupe, wamenona, na shemeji yake Warsame aliteremka naye. Alikuja kumsaidia, alisema. Hakumsaidia chochote ila alisimama karibu. Maka alikuwepo na kamati nzima. Bwana wa Nairobi alikuwepo chini ya kofia pana, akipekua simu yake.

Qali alifungua Kulan, mbuzi wake wakatokea. Wakangoja mtu abonyeze shuka. Hakubonyeza mtu.

Wanunuzi wenye mtandao walikuwepo, ila madalali ndio walioshika soko, nao walikuwa wamekubaliana kwa macho tu kwamba Kulan haiguswi. Walikaa kwenye kivuli cha lori wakicheka. Guled ndiye aliyekuwa mkali zaidi. "Sasa tushikane mikono na kioo?" akasema, wenzake wakajipigapiga mapaja. Jua likapanda, likaanza kushuka. Mbuzi wa wengine waliondoka kwa makundi, wa Qali walisimama. Warsame alipendekeza wampe tu dalali yeyote, na bei itangazwe kama zamani, kwani kuna ubaya gani. Maka akamtazama Kaltun, na katika macho yake kulikuwa na huruma. Kaltun aliichukia ile huruma. Alitamani ardhi ifunguke, lakini hakusogea pale alipokuwa. Alisema moyoni kwamba hata ikishindwa, itashindwa yeye akiwa amesimama karibu nayo.

"Mimi simlaumu," Guled akasema kwa sauti ya kusikika. "Mtoto wa kike wa dalali atajuaje shuka ni nini?"

Mzee Diriye alikuwa miongoni mwao, kwenye kigoda chake. Tangu siku ile ya chai alikuwa akimpa binti yake salamu na si zaidi. Sasa akainuka, taratibu, kwa sababu ya magoti, akakung'uta kikoi.

"Guled," akasema, "binti yangu anajua shuka kuliko wewe unavyojua mbuzi."

Mzee akaja mpaka alipokuwa Kaltun, akanyoosha mkono bila kumtazama. "Lete hiyo simu. Nina mteja anataka mbuzi wa Idi. Nitawaonyesha watu kwamba kitu hiki hakifanyi kazi, kisha twende nyumbani."

Kaltun akampa simu, akamwonyesha mahali pa kugusa. Mzee akawapapasa mbuzi migongo, akawafungua midomo, akatikisa kichwa kana kwamba ameona kilema, na kilema hakikuwepo. Halafu akabonyeza shuka. Na kwa mazoea, bila hata kufikiri, akaiingiza simu pamoja na mkono wake chini ya shuka ya begani. Upande wa pili Qali akaizamisha yake ndani ya jilbabu.

Mzee akabana. Kidogo, kama dalali anavyoanza, kiasi cha kutukana bila kutukana. Akangoja. Ghafla akashtuka bega zima.

"Walaahi," akasema, "amenibana."

Watu wakacheka, na yeye nusura acheke. Akachungulia ndani ya shuka yake, akaona vidole, akakunja uso. Akabana tena. Wakaendelea hivyo. Sasa jambo moja ulijue kuhusu Mzee Diriye: ustadi wake wote ulikuwa kwenye ngozi. Mkono wa mtu ukikaribia mwisho wa bei hulainika, jasho hutoka, mshipa hupiga, na yeye alikuwa akiusoma mshipa huo tangu Guled hajabalehe. Humo ndani ya simu hamkuwa na mshipa. Kulikuwa na vidole vya Qali, vile vile, havipungui. Akamtazama usoni apate chochote. Qali alikuwa akimkuna mbuzi wake sikio na kuuliza kama kule Wajir mvua imenyesha.

Mzee akafanya lile la mwisho la madalali, akageuka akaenda zake. Alifika mpaka kwenye ua wa miiba, akasimama, akasubiri simu itetemeke. Haikutetemeka. Madalali walikuwa wameshaondoka kivulini, wamekuja karibu mmoja mmoja, na hakuna aliyekuwa anacheka. Walikuwa wanaitambua kazi. Hiyo haikuwa michezo ya kioo, hayo yalikuwa mapatano, na mwenzao alikuwa amebanwa barabara na mjane wa Bura.

Akarudi. Jasho lilikuwa limemlowesha ndevu za hina. Na yeye akazungumzia mvua. Akabana, akabanwa, akavuta pumzi, kisha wote wawili wakatulia kwa wakati mmoja, na simu zikatetemeka kwa pamoja. Kaltun alisikia moyo wake ukitetemeka nazo.

"Bismillahi," akasema Mzee Diriye, kwa sauti ile ile anayowaambia wanaume. Akatoa mkono chini ya shuka. Kioo kilikuwa kitupu.

Mteja wake alikuja, pesa zikatumwa, simu ya Qali ikalia ndani ya jilbabu, akaisoma kwa pembe ya jicho na kuifunika. Mbuzi wakafunguliwa kamba. Maka akamwendea bwana wa Nairobi akamwambia kwa adabu kwamba yeye ni mgeni na chakula cha mchana kipo, pilau na nyama, na kwamba funguo zinabaki hapa. Bwana yule, maskini, alikuwa bado anamwuliza Najib bei imeandikwa wapi.

Guled alishindwa kujizuia. Akamsogelea Mzee Diriye. "Umempa ngapi?"

Mzee akamtazama kana kwamba amemwona leo. "Lini wewe uliwahi kuniuliza swali hilo?"

Guled akainamisha kichwa, maana dalali hamwulizi dalali bei, na kwa kuliona hilo mbele ya watu wote akawa ameikubali Kulan bila kutaka. Mzee Diriye akamshika binti yake bega, jambo asilolifanya hadharani, akawageukia wenzake. "Huyu ni Kaltun," akasema. "Kazi hii ni yake. Nilikuja kuivunja, imenivunja mimi." Alikuwa na fahari, na hakuificha. Kaltun naye alikuwa na fahari mpaka akashindwa pa kuiweka, akaanza kurekebisha jilbabu lililokuwa limekaa sawa.

Akabaki Warsame. Alimwendea Qali kwanza, kwa upole wa shemeji. "Tumepata ngapi?"

"Nimepata riziki yangu, Alhamdulillah."

"Ngapi lakini?"

Qali akaanza kukunja kamba za mbuzi wake. Warsame akangoja, akaona hajibiwi, akamgeukia Mzee Diriye, naye Mzee akatazama mawingu. Ndipo akamjia Kaltun, amekasirika kidogo sasa, simu mkononi, akiipekua Kulan juu na chini. "Wewe ndiye mwenye kitu hiki. Wewe lazima unajua. Niambie."

Kaltun akamtazama usoni. "Sijui," akamwambia, na ulikuwa ukweli mtupu.

Lori la Bura likapiga honi. Qali akapanda, akakaa juu ya magunia kati ya abiria wengine, Warsame upande mmoja na jirani zake upande mwingine, akawa anaongea nao habari za Idi. Lori likaingia barabarani, na ndani yake hakuna mtu aliyejua yule mwanamke anarudi nyumbani na nini.